Siwezi kuzima simu, na simu hainiachi nifanye kazi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sakina hapa Arusha. Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii, upande wa ofisi: napokea maombi ya wateja na mawakala wa nje, napanga ratiba ya safari, napiga hesabu, natuma kotesheni, yaani bei ya safari nzima. Zamani tulikuwa na ofisi mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Bosi alipoona pango linamlemea, akaamua sisi wa kotesheni tufanyie kazi nyumbani. Nilishangilia. Nauli ya daladala nimeokoa, foleni ya asubuhi nimeiaga, nikajua sasa nitafanya kazi kuliko hata ofisini.

Kumbe. Nafungua laptopu asubuhi, watoto wameshaenda shule, nyumba ina utulivu, lakini mchana unafika kotesheni hata moja haijaisha. Na siwezi kusema nilikaa bure, maana nimejibu meseji mfululizo. Kundi la kazi lina madereva wote, wapishi wa mlimani, mtu wa stoo na bosi mwenyewe. Pancha ya Ndutu, picha ya chui juu ya mti, "kazi njema wapendwa" na maagizo ya bosi vyote vinapita humo humo. Bosi akinitaja jina, nisipojibu ndani ya dakika tano anaweka alama ya kuuliza. Zikipita nyingine anaweka tatu.

Hapo bado kundi la darasa la mtoto, la jumuiya, la kikoba, na sasa kamati ya harusi ya binamu yangu itakayofanyika Moshi mwezi wa tisa. Nilikosa kikao cha kwanza, nikarudi nimekuta mimi ndiye mweka hazina. Kila anayeahidi au kulipa anataka kuona jina lake kwenye orodha papo hapo, kwa hiyo nanakili orodha nzima upya, naongeza jina, naituma tena. Dakika mbili baadaye mwingine analipa.

Ningeweza kuzima simu, lakini intaneti ya laptopu naipata kwa hotspoti ya simu hiyo hiyo. Nikiizima, na laptopu imekwama. Nikiiacha chumbani, roho haitulii: je, kama dereva amekwama porini na wageni? Basi kotesheni nazimalizia usiku watoto wakishalala, na mume wangu amefika mahali anasema aliyeolewa mle ndani ni simu, yeye ni mpangaji.

Mwenzangu mmoja kanishauri nipakue programu ya kufungia mitandao. Mwingine anasema ninunue laptopu ya pili iwe ya kazi tu. Kabla sijatoa pesa nimeona nikuulize. Masika yameisha, wageni wa Juni wameanza kuingia, na maombi ya Julai na Agosti yanamiminika. Nifanyeje? Na je, nijitoe kwenye kamati ya harusi?

Jina limehifadhiwa,
Sakina, Arusha


Marahaba mwanangu, na pole na msimu.

Pesa yako iache mahali ilipo. Programu ya kufungia mitandao ingekufaa kama shida yako ingekuwa kuchungulia Instagram katikati ya hesabu, na kwenye barua yako Instagram sijaiona hata mara moja. Wanaokukatiza ni watu wenye haki ya kukutafuta: bosi, dereva, mwalimu wa mtoto, mama mdogo wa bwana harusi. Ukiwafungia wote kwa programu, ikifika saa nne utaifungua mwenyewe kwa wasiwasi. Hujakubaliana na watu hao ni nani akupate saa ngapi, na kwa njia gani. Mipangilio ya simu na laptopu nitakueleza, tena kwa kirefu, lakini bila makubaliano hayo haitadumu wiki.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu nahisi bosi wako anaichukulia kotesheni kama kujaza fomu. Chukua safari ya kawaida kabisa: mgeni analala Karatu, kesho yake anashuka kreta, kisha anaendelea Serengeti. Ada za Ngorongoro zinakwenda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, za Serengeti zinakwenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kila upande una jedwali lake la mgeni wa nje, mkazi, raia wa Afrika Mashariki na watoto kwa umri wao. Kuna ada ya gari kushuka kreta. Kibali cha Serengeti kinahesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia. Ukimwingiza mgeni lango la Naabi saa nane mchana na kumtoa siku ya tatu saa tano asubuhi, umelipa vibali viwili. Ukimwachia azunguke mpaka saa tisa alasiri, cha tatu hicho. Lodge nazo zina bei ya msimu, na mpaka wa msimu unaweza kuangukia katikati ya safari ya mtu. Hayo yote unayashika kichwani kwa wakati mmoja. Ikiingia meseji ya "dada upo?", kuisoma ni sekunde chache, lakini ukirudi kwenye jedwali hukumbuki kama ile ada ya gari ulishaijumlisha, na mtu makini hapo anaanza upya.

Watafiti wameliangalia jambo hili. Sophie Leroy, mtafiti wa mambo ya kazi, alichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba mtu akiacha kazi haijaisha na kurukia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili anaifanya kwa kiwango cha chini. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walikuwa wameona jambo ambalo nadhani litakugusa zaidi: waliokatizwa katikati ya kazi hawakuchelewa kumaliza. Waliwahi kuliko ambao hawakukatizwa, ila walilipa kwa msongo zaidi, kero zaidi na presha ya muda. Ndiyo maana bosi haoni tatizo. Kotesheni zinatoka. Zinatoka saa tano usiku, kwa gharama ya usingizi wako na ya huyo mpangaji wako, lakini yeye asubuhi anakuta zimetumwa.

Kwa hiyo bosi ndiye wa kwanza. Usimwendee na lugha ya "nasumbuliwa", maana atakujibu kwamba wote tunasumbuliwa. Mwendee na saa za dunia. Wakati wa kiangazi chao, saa tatu asubuhi hapa Arusha ni saa nane usiku New York, na California ndiyo kwanza saa tano usiku. London ni saa moja asubuhi, Ujerumani saa mbili. Maana yake, kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu asubuhi wateja wako wa Marekani wamelala au wanaelekea kulala, na wa Ulaya wengi ndio wanakunywa kahawa. Wajerumani wanaanza kufungua ofisi mwishoni mwa muda huo. Hakuna mteja atakayepotea kwa sababu hukumjibu saa tatu. Watakaosubiri ni watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani mnaweza kuelewana. Wamarekani wataanza kuamka kuanzia alasiri yako, na kufika saa kumi New York ni saa tatu asubuhi. Hapo ndipo kasi ya dakika tano ina faida, na hapo uwe macho kwenye meseji. (Mwezi wa kumi na moja Marekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo ongeza saa moja. Haikudhuru, inakuongezea utulivu.)

Mwandikie kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Shikamoo bosi. Naomba tujaribu utaratibu msimu huu. Kila asubuhi saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu nitakuwa kwenye kotesheni tu, ili maombi yaliyoingia usiku yajibiwe kabla wateja hawajaamka. Muda huo sitasoma meseji, lakini simu ya kupiga iko wazi kwako na kwa dereva yeyote aliye na wageni. Tuangalie wiki mbili, kama haifai tunarudi tulikotoka."

Hicho kipengele cha wiki mbili usikiondoe. Bosi anayeombwa ruhusa ya milele hukataa, anayeombwa majaribio huwa hana sababu. Na usiombe siku nzima. Saa mbili zisizokatwa zinatosha kwa kazi uliyoieleza, zinazobaki waachie watu.

Akikataa kabisa, walau ujue sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo ni za ziada, zina makubaliano yake na malipo yake. Sikupi hiyo ukamtikisie bosi. Nakupa kwa sababu watu wengi wanaofanyia kazi nyumbani wamesahau kwamba meza ya kulia chakula saa tano usiku nayo ni kazini.

Sasa madereva. Nimeelewa roho yako haitulii, na sikulaumu, mtu yuko porini na familia ya watu ndani ya gari. Lakini jiulize: dereva aliyekwama kweli anafanya nini? Anapiga. Huko ndani mara nyingi data inasuasua wakati simu ya kawaida inapita, na hata ikiwepo, mwenye wageni juani haandiki meseji akasubiri tiki zigeuke bluu. Meseji za kundi ni taarifa, na taarifa inaweza kusubiri mpaka saa nne na nusu. Waambie waziwazi kwenye kundi, wakumbushe na ana kwa ana wanapokuja kuchukua vocha za lodge: anayehitaji uamuzi sasa hivi apige, asipopokelewa apige tena papo hapo. Hilo la kupiga tena lina sababu, nakuja nalo.

Kuhusu mashine, tuanze na hilo fundo la hotspoti, maana ndilo linalokufanya uone huna njia. Ninachokushauri ni kitochi. Nunua simu ndogo ya batani, hamishia humo laini yako kuu, ile ambayo bosi, madereva, shule na mama mzazi wanayo. Kitochi kinapokea simu, kinapokea ujumbe wa pesa, unaweza hata kumtumia mtu hela kwa kubonyeza menyu, na hakina kundi hata moja. Simu kubwa iwekee laini nyingine ya bando tu. Utaisajili kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA kama kawaida. WhatsApp yako itaendelea kufanya kazi kwenye simu kubwa kwa namba ile ile, na siku ikidai kukuhakiki upya, msimbo utakuja kwenye kitochi. Usimtajie mtu msimbo huo, matapeli wanauvizia sana.

Baada ya hapo, saa mbili na nusu ikifika, simu kubwa inakwenda chumbani ikiwa imewashwa hotspoti, imelazwa kifudifudi, mlango umerudishwa. Mawimbi yanapita ukuta bila shida. Kitochi kinabaki mezani karibu na mkono wako. Kikilia, ni mtu aliyeamua kupiga.

Kuiondoa simu machoni nako kuna utafiti wake. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya kumbukumbu na kufikiri kuliko waliokuwa nazo mezani, hata kama simu haikulia. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo sikuapii. Lakini simu iliyo chumbani inakulazimu kusimama ili kuichungulia, na kwa mtu mwenye makundi kama yako hiyo peke yake ni nusu ya dawa.

Kama kitochi hukipendi, au unaona simu mbili ni usumbufu, tumia kile ambacho Android ya Kiswahili inakiita "Usinisumbue". Wengi wanakijua, ila wanakitumia vibaya: wanazima kila kitu, kisha wanakosa simu ya maana, kisha hawarudii tena. Kifanye kama mlinzi wa geti aliyepewa orodha ya majina. Weka nyota kwenye namba za bosi, madereva, shule, mume na dada wa nyumbani, halafu ruhusu simu za wenye nyota tu. Ruhusu pia wanaopiga mara ya pili: kwenye Android, mtu akipiga tena ndani ya dakika 15 simu italia hata kama hayumo kwenye orodha, kwenye iPhone ni ndani ya dakika tatu. Ndiyo sababu nikasema dereva apige tena papo hapo, hata akiazima simu ya mwenzake wa kampuni nyingine utampata. Panga ratiba ijiwashe na kujizima yenyewe, usitegemee kukumbuka.

Na ile alama ya kuuliza ya bosi: inachochewa na kukuona uko hewani. Tangu 2022 WhatsApp inakuruhusu kuficha hilo, pamoja na muda wa mwisho ulioonekana. Ukificha, nawe hutaona za wengine. Sidhani kama utapungukiwa. Kama mawakala wanakutumia meseji kwenye WhatsApp ya biashara, weka ule ujumbe wa kujijibu wenyewe kwa saa maalumu, "nimepokea, nitajibu kabla ya saa tano asubuhi saa za Tanzania". Angalizo moja: ujumbe huo hautoki kama simu haina intaneti, kwa hiyo usizime data ukadhani wanajibiwa.

Laptopu sasa, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapovuja bila kujua. Unaweza kuificha simu hata kwa jirani, kama WhatsApp imefunguliwa kwenye kivinjari na ile namba ya meseji zisizosomwa inapanda pale juu ya ukurasa, hujafanya kitu. Ifunge kabisa, toka, siyo kuipunguza tu. Kuipata tena ni kuskani tu, na huo usumbufu mdogo wa kuskani ndio tunaoutaka.

Kununua laptopu ya pili hakuna haja. Hiyo uliyonayo inaweza kuwa laptopu mbili. Kama ni Windows, tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji, ipe jina "Kotesheni", nywila yake. Ukiingia humo unakuta kompyuta tupu: hakuna picha za harusi, hakuna kurasa ulizoziacha jana, kivinjari hakikumbuki nywila ya Facebook. Weka vitu vya kazi tu: jedwali la hesabu, barua pepe ya ofisi, majedwali ya ada, folda ya bei za mkataba za lodge. Zima arifa zote za humo. Badili na picha ya nyuma iwe rangi moja iliyopoa, isifanane na ile ya akaunti yako ya kawaida. Baada ya muda macho yenyewe yanajua tumeingia kazini. Ukiona kubadili akaunti ni mlolongo, Chrome inakuruhusu kuwa na wasifu zaidi ya mmoja, wa kazi na wa nyumbani, kila mmoja na kurasa zake. Ni hatua fupi, ingawa ukuta wake ni mwembamba, kubofya mara mbili tu umerudi kijiweni. Mimi ningeanza na akaunti.

Kisha, kazi ikishafunguliwa kwenye kivinjari, bonyeza F11 ukurasa ujaze kioo chote. Saa, vijiduara vyekundu na vialama vya chini vinapotea. Ni jambo dogo mno, na kati ya yote niliyoandika ndilo utakaloliona tofauti yake siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa bando tungepaswa kuwa mabingwa nalo: kufanya kazi bila intaneti kabisa. Sehemu kubwa ya kotesheni haihitaji mtandao kama umejiandaa. Jioni, kabla hujafunga, pakua bei mpya za lodge na majedwali ya ada uyaweke kwenye folda moja kwa mwaka: 2025, 2026, 2027, maana mgeni wa mwakani akipewa bei ya mwaka huu anayelipa tofauti ni kampuni. Gmail ina mpangilio wa kusoma na kuandika nje ya mtandao, unahifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Unaandika majibu yako, yanasubiri, ukiwasha hotspoti saa nne na nusu yanaondoka yote. Excel iliyowekwa kwenye laptopu nayo haihitaji intaneti kupiga hesabu. Siku umeme ukikatika utaendelea na chaji iliyopo, na bando litakutosha zaidi, kwa kuwa wakati wewe unahesabu lodge, Windows inapenda kupakua masasisho yake chinichini kwa gharama yako.

Bado utakatizwa. Kitochi kitalia, dereva atakuwa na shida ya kweli. Hapo tumia alichokuja kukiona Leroy mwaka 2018 akiwa na mwenzake Theresa Glomb: mtu anayetumia muda mfupi kuandika alipofikia na atakachofanya akirudi, kabla ya kugeukia dharura, akili yake haibaki nyuma sana. Weka daftari na kalamu. Kabla ya kusema "haloo", au hata ukiwa unasema, andika: "Siku ya 4, Naabi saa 8, vibali 2 tayari, lodge bado." Maneno kumi yanatosha. Ukirudi huanzi upya.

Nyumbani hukunilalamikia, kwa hiyo sitakaa hapo. Hela ya genge na gesi mwachie dada asubuhi, na chakula cha mchana mkubaliane kabla watoto hawajatoka. Siku nyumba ikishindikana, kuna maktaba ya mkoa. Kimya kipo, na hakuna anayekulazimisha kununua juisi.

Makundi. La darasa, la jumuiya na la kikoba yanyamazishe. WhatsApp inakupa saa 8, wiki moja au daima, wewe chagua daima. Kisha yaweke kwenye kumbukumbu (Archived), ile sehemu iliyofichwa juu ya orodha ya mazungumzo, ili hata ukifungua WhatsApp kwa ajili ya kazi usiyakute mbele ya macho. Siku hizi hubaki humo hata meseji mpya zikiingia. Ujue tu kwamba mtu akikutaja kwa jina au akijibu meseji yako utaarifiwa bado, na hilo ni zuri, mwalimu akikutafuta utajua. La kazi usilifiche. Lisome saa nne na nusu, mchana, na kuanzia alasiri liache wazi.

Kamati ya harusi usijitoe. Mnajuana huko kwenu. Ukijitoa mwezi wa sita, mwezi wa tisa utahadithiwa kwenye meza ya chakula, na mwanao akija kuolewa watakukumbusha. Badili utaratibu. Ongea na mwenyekiti mfungue kundi la pili la orodha tu, ambalo viongozi pekee ndio wanaoweza kuandika. Mpangilio huo upo kwenye WhatsApp. Lile la kwanza liendelee na vicheko, sare na mjadala wa ng'ombe. Wewe unaweka orodha mara moja kwa siku, saa moja jioni, baada ya kulinganisha na ujumbe wa pesa kwenye kitochi chako, ahadi upande huu, waliolipa upande ule. Watu watalalamika siku mbili tatu kwamba majina yao hayajaonekana. Wajibu kwa sentensi moja, "orodha saa moja jioni", hiyo hiyo kila mara, bila maelezo na bila samahani. Hesabu zako pia zitakuwa safi zaidi, maana orodha inayonakiliwa mara ishirini kwa siku ndiyo inayopoteza elfu hamsini ya mjomba wa Rombo, na mjomba hasahau.

Na mchango wako mwenyewe ulipe mapema. Mweka hazina anayedaiwa hana ubavu wa kumwambia mtu asubiri saa moja.